MASHINE YENYE MACHO: NANI ATAIFUNDISHA KUUJUA UFUTA WETU?

Maneno haya niliyasema kwenye kikao cha vijana wetu wa Masasi na Newala. Wengi ambao hawakufika wameomba niyaweke hapa. Nimeyaacha kama yalivyosemwa.



Leo siongelei uchaguzi. Naomba tuongee kuhusu kupunguza miche ya ufuta. Naona huko nyuma mnacheka. Chekeni tu, lakini mkimaliza tupige hesabu pamoja.

Mbegu ya ufuta ni ndogo. Kilo moja ina mbegu kama laki tatu hivi. Sasa bwana shamba anakwambia nini? Anakwambia mstari kwa mstari sentimita 50, mche kwa mche sentimita 10. Kwa kipimo hicho ekari moja inataka miche elfu 80 tu. Maana yake ukimwaga kilo moja, tayari umeweka mbegu karibu mara nne ya miche unayoihitaji. Na nani hapa anamwaga kilo moja tu? Tunamwaga zaidi, kwa sababu mbegu yenyewe inateleza vidoleni, na kwa sababu tunaogopa mvua ikikatika tubaki na shamba la mapengo. Zikiota zote, zinabanana kama abiria wa Hiace siku ya mnada.

Kwa hiyo wiki ya pili au ya tatu lazima mtu aingie shambani apunguze. Hesabu ya pili hii hapa. Ekari moja yenye mistari ya sentimita 50, ukiiunganisha mistari yote iwe mmoja, unapata kama kilomita 8. Kilomita 8 umeinama! Na kila sentimita 10 unaamua: huu ubaki, huu utoke. Unaamua mara elfu 80 kwenye ekari moja. Halafu mtu anasimama jukwaani anasema kazi ya kupunguza miche haihitaji akili.

Usipopunguza, unajua kinachotokea. Miche inagombania mwanga, inarefuka, inakuwa myembamba, haitoi matawi, na vile vifuko vya mbegu vinakuwa vichache. Ukichelewa kupunguza, mizizi imeshashikana, uking'oa mmoja unamtikisa na jirani yake. Na wiki zile zile mahindi yanataka palizi, karanga zinataka palizi. Ndiyo maana wengi tunaacha tu, tunasema Mungu atajalia. Tunavuna kidogo, halafu tunalaumu mbegu.

Sasa nije kwenye mashine.

Kule Marekani, jimbo la California, kuna bonde linaitwa Salinas. Wanalima letusi, yale majani ya saladi. Wao pia hupanda mbegu nyingi kuliko wanavyohitaji, halafu wanapunguza. Mwaka 2011 watu wawili waliosoma Chuo Kikuu cha Stanford, Jorge Heraud ambaye kwao ni Peru, na mwenzake Lee Redden, walianzisha kampuni ndogo wakaiita Blue River Technology. Wakatengeneza mashine ya kufungwa nyuma ya trekta, jina lake LettuceBot.

Inafanyaje kazi? Sikilizeni vizuri, hakuna uchawi hapa. Chini ya mashine kuna kamera zinazotazama mstari kutoka juu. Kompyuta inapokea picha, inatenganisha kijani na udongo, inatafuta kila mche uko wapi na kitovu chake kiko wapi. Inapima umbali kati ya mche na mche. Inachagua ule wa kubaki. Halafu mabomba madogo yanarushia tone la dawa kali juu ya ile isiyotakiwa, inaungua. Yote hayo yanafanyika trekta likiwa linatembea, kabla hujamaliza kupepesa jicho.

Mwaka 2017 kampuni kubwa ya matrekta, John Deere, iliinunua Blue River kwa dola milioni 305. Jiulizeni, kampuni ambayo tayari inatengeneza matrekta ya kila aina ilikuwa inanunua nini kwa fedha zote hizo? Vyuma wanavyo. Walinunua macho: ile programu iliyojifunza kutoka kwenye picha nyingi za mashamba, na watu wanaojua kuifundisha. Hilo liwekeni akilini, nitalirudia.

Lakini bonde hilo la Salinas lina historia nyingine ambayo wauza mashine hawaitaji. Kabla ya kamera kulikuwa na jembe. Jembe lenye mpini mfupi kabisa, ambalo vibarua, wengi wao Wamexico, walilazimishwa kulitumia kupunguza letusi na kupalilia. Kwa mpini ule huwezi kusimama wima. Msimamizi akiwa mbali akiona mtu kasimama, anajua hafanyi kazi. Watu waliharibika migongo wakiwa bado vijana. Wafanyakazi wakapambana, chama chao chini ya Cesar Chavez kikapaza sauti, wanasheria wakaenda mahakamani. Wenye mashamba wakalia: tukiondoa jembe fupi miche itakatwa ovyo, tutafilisika! Mwaka 1975 jembe lile likapigwa marufuku California. Letusi imeendelea kulimwa mpaka leo.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu kila siku tunaambiwa kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Ni kweli kabisa. Na uti wa mgongo wenyewe ni wa mama yako, umepinda. Kule California mgongo ulinyooka kwanza kwa sababu watu walijipanga. Mashine ilikuja miaka mingi baadaye.

Haya, tuseme kesho tajiri mmoja anaileta LettuceBot hapa Masasi. Itafanya kazi? Mimi nasema haitafanya, na sababu ziko tatu.

Ya kwanza, inatafuta mstari. Wengi wetu ufuta tunaumwaga. Na hata aliyepanda kwa mstari, shamba lake haliko kama la Salinas. Kuna mbaazi pembeni, kuna kunde humo humo, kuna muhogo, kuna mikorosho michanga, kuna visiki. Kwa mashine iliyofundishwa zao moja, kila kitu ambacho si ufuta ni gugu. Itakuunguzia kunde zako, na ilivyo haina aibu, itakwambia kazi imekamilika. Kinachoitwa "ziada" kwenye shamba la Salinas, kwetu ni mboga ya jioni.

Ya pili, maji. Mashine ile inanyunyizia. Dawa inachanganywa na maji. Watu wa Newala, mnahitaji niendelee? Uwanda wa Makonde uko juu, udongo wake unameza maji, vyanzo viko chini mabondeni. Maji ya Mitema yanasukumwa kwa mitambo kupanda mlima ndiyo yafike kwenye bomba, siku yakifika. Mama anayefuatilia ndoo mbili tangu alfajiri hatakuelewa ukimwambia pipa zima linakwenda kuunguza miche. Mashine ya hapa itabidi ikate kwa kisu kidogo au kwa jembe dogo, isinyunyize.

Ya tatu, haiujui ufuta. Imesoma letusi. Jani la ufuta changa, kivuli cha mkorosho, mchanga mwekundu uliolowa na uliokauka, majani ya kwetu yanayofanana na ufuta, hivyo vyote havijawahi kuingia kwenye macho yake.

Kusini tumeshawahi kuletewa mashine zisizotujua. Waulizeni wazee wa Nachingwea, majirani zetu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza Mpango wa Karanga hapa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walitaka kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Wataalamu walizunguka nchi kwa wiki chache tu, wakaandika ripoti. Wakaleta matrekta, hata vifaru vya vita wakavigeuza kuwa matrekta. Kule Kongwa udongo ulipokauka ukawa kama saruji, majembe yakasagika, visiki vikavunja vyuma. Huku kwetu ikajengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, hasara kama pauni milioni 36. Bandari tunayo. Reli iling'olewa. Mashine hazikushindwa kwa sababu mashine ni mbaya. Zilishindwa kwa sababu hakuna aliyeuliza udongo, na hakuna aliyemuuliza mkulima.

Sasa msitoke hapa mkisema mzungumzaji amekataa teknolojia. Hapana. Nina mfano mwingine, wa hapa hapa Tanzania, na unahusu chakula chenu: muhogo.

Mnaijua batobato. Mnayajua michirizi ya kahawia, ule ugonjwa unaoozesha muhogo ardhini huku majani juu yanakudanganya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani na taasisi ya kimataifa ya IITA walipiga picha za majani ya muhogo kwenye mashamba ya majaribio nje ya Bagamoyo. Wakazitumia kuifundisha kompyuta kutambua magonjwa, na mwaka 2017 wakachapisha matokeo: kwenye picha za majaribio ilipatia kwa asilimia 93. Humo ndimo ilimotoka programu ya simu inayoitwa Nuru. Inazungumza Kiswahili, na shambani haihitaji intaneti. Unaielekeza simu kwenye jani, inakwambia inaona nini.

Mmesikia ilikojifunza? Bagamoyo! Kumbe jani letu linaweza kuifundisha mashine. Na kuna somo la pili. Walipoijaribu kwenye simu, kwenye mashamba halisi, uwezo ulishuka, hasa pale dalili zilipokuwa bado changa. Jua kali, kivuli, jani lililotafunwa na wadudu, vyote viliichanganya. Jicho la mashine linajua kile tu lilichoonyeshwa. Ukitaka liujue ufuta wa Lulindi, lazima lionyeshwe ufuta wa Lulindi, msimu baada ya msimu.

Na hapo ndipo ilipo siasa ya jambo hili, makamanda.

Mnamjua kangomba. Anakuja miezi ya njaa, una shida ya ada, una mgonjwa ndani, korosho bado iko mtini. Anakupimia kwa bakuli lake, kwa bei yake. Msimu ukifika, jasho ni lako, faida ni yake.

Nawaambia, kangomba wa picha yuko njiani. Atakuja na mradi mzuri, na fulana, na posho ya kikao. Atawaomba mpige picha za mashamba yenu kwa simu zenu, bando lenu. Picha elfu, picha laki. Ataondoka nazo. Baada ya miaka michache atarudi na mashine inayoujua ufuta wa Masasi kuliko afisa kilimo wa kata, na atawauzia. Dola milioni 305 zile zilikuwa bei ya macho. Macho yanatengenezwa kwa picha. Nani atamlipa mwenye shamba?

Mtu ataniambia tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ni kweli, ipo. Lakini sheria hiyo inamlinda mtu na taarifa zake. Mche wa ufuta si mtu, hauna kitambulisho cha NIDA. Picha yake haina mwenyewe mpaka sisi tuseme mwenyewe ni nani.

Kwa hiyo tunataka nini? Nina mambo manne.

Kwanza, picha ziwekwe Naliendele. Kituo cha utafiti cha TARI Naliendele kiko Mtwara hapo, na mbegu nyingi za ufuta tunazopanda zimetoka mikononi mwao. Wao ndio wa kukusanya picha za ufuta wetu, karanga zetu, mbaazi zetu, chini ya masharti yaliyoandikwa: kijana wa VETA anayetaka kuzitumia azipate bure, kampuni inayotaka kuzitumia ilipe, na malipo yarudi kwenye vyama vya msingi vya wakulima waliozitoa.

Pili, fedha ya utafiti ilindwe kisheria. Wote tunakumbuka. Sheria ya korosho ilikuwa inasema asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi inayokwenda nje irudi kwenye tasnia ya korosho, na 35 iende Hazina. Fedha hiyo ndiyo iliyokuwa inasaidia pembejeo na utafiti. Mwaka 2018 Bunge likabadilisha sheria, yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walisimama wakapinga, wakazidiwa kura. Somo lake ni hili: kilichotolewa kwa kura moja ya bajeti kinaweza kunyang'anywa kwa kura moja ya bajeti. Fedha ya utafiti wa mazao yetu isitegemee huruma ya waziri wa mwaka huo.

Tatu, tuanze na mstari kabla ya kamera. Mashine rahisi ya kusukuma kwa mkono, inayodondosha mbegu chache kwa nafasi sawa, itapunguza kazi ya kupunguza miche kabla miche haijaota. Fundi wa kuchomelea hapa Masasi anaweza kuitengeneza akipata mchoro mzuri. CAMARTEC ya Arusha ipo kwa kazi hiyo, SIDO wapo. Na shamba lenye mstari ndilo litakaloweza kupokea mashine yenye macho siku ikija. Asiye na mstari ataachwa nje.

Nne, na hili ndilo gumu kuliko yote, ni mama zetu.

Tuambizane ukweli. Kupunguza miche kunaumiza mgongo, lakini pia kunalipa. Mama asiye na shamba kubwa anakwenda kibarua kwa jirani mwezi wa pili, mwezi wa tatu, wakati ghala limekwisha na mavuno bado. Ile hela ndiyo unga, ndiyo daftari la mtoto. Mashine ikifanya kazi yake kwa saa mbili, ile hela haipotei hewani. Inahama mfuko. Inatoka kwa mama inakwenda kwa mwenye mashine. Na tusijidanganye kwamba chama cha msingi kikiimiliki basi wote tumepona, maana wengi wa vibarua hawa si wanachama, hawana ekari za kuandikisha.

Tufanyeje? Mnaijua biashara ya bomba la kupulizia salfa. Kijana ana bomba lake, anazunguka mikorosho ya watu, anapulizia kwa ujira. Nani alisema mashine ya kupunguza miche lazima iwe ya tajiri wa mjini? Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ni haki iliyoandikwa. Siku mashine hizo zikipatikana, wa kwanza kupewa wawe vikundi vya akina mama hawa hawa wanaofanya kazi hii kwa mikono, na mafunzo yaanze nao. Wao ndio wanaojua mche upi ubaki. Mashine ikikosea, ni wao watakaoona wa kwanza. Tukisubiri mashine ifike ndiyo tuanze kudai, tutakuta imeshagawiwa.

Wapo watakaosema haya ni ya miaka 20 ijayo. Inawezekana. Lakini kazi ya kuanza nayo ni ya msimu huu, na haihitaji dola hata moja. Kila tawi litafute daftari. Mwandike: ekari moja ya ufuta kwenye kata yenu imepunguzwa na watu wangapi, kwa siku ngapi, kwa ujira gani, wiki ya ngapi tangu kuota. Mwandike na waliolazimika kuacha bila kupunguza, na sababu yao. Wanaume mkaulize wake zenu, kwa sababu wengi wenu hamjui.

Daftari hilo likijaa, tutakwenda nalo kwa mkurugenzi wa halmashauri, tutakwenda nalo Naliendele, na siku kangomba wa picha atakapokuja na fulana zake atatukuta tunajua bei ya kilomita 8 za mgongo wa mama. Hapo tutakaa mezani tukiwa na hesabu, yeye na yake, sisi na yetu.

Nimemaliza. Makatibu wa kata msiondoke, daftari ziko pale kwa mwenyekiti.